Triko ya Kijani mu Nyavu

Kyavinyonge, ku ziwa

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Bwana yako Muhindo amekufa. Alikufa mu maji ya hii ziwa, tangu ile wakati mulikuwa munapanda maharagwe. Namna alizama sijui, mais hakufika Uganda. Hakuoa bibi mwingine. Jana nilisimama ku kaburi yake, nikaigusa na mikono.

Sasa nakusalimia. Uko namna gani? Mama wetu, kifua inamuachilia kidogo? Batoto bako baamuka? Na Kahindo wangu, mwenye unanilelea tangu mama yake akufe, anakula vizuri? Mimi niko muzima. Sitaandika tena juu ya uzima yangu. Ukimaliza kusoma hii barua utasikia haya kuwa na ndugu kama miye, na uko na haki.

Nilisomaka mupaka mwaka ya tano tu, unajua. Donc nitaandika gisi ninasemaka. Hii barua niliianza mara mbili, nikaipasua. Ya leo sitapasua.

Unakumbuka gisi nilikuya huku. Kisha kuzika Kavira, bibi yangu, nilishindwa kulala mu ile nyumba. Nikapita mulima ya Kyondo na blanketi moja, nikashuka mupaka ku ziwa, nikaomba kazi mu pirogue. Mutu wa kwetu Bulengera anajua maji ya mvula na maji ya kunywa, basi. Siku ya kwanza nilisimama mu pirogue kama vile niko mu shamba. Mbusa, kapita yetu, njo mwenye anaongoza pirogue, alipiga kelele:

— Wewe mutu ya viazi! Kaa chini! Huku hakuna udongo ya kukushika!

Nikakaa. Nikatapika ku magoti yangu, ingine ikaanguka mu maji. Mbusa alicheka mupaka akaacha kasia.

— Bon. Umelisha samaki. Sasa nao batakulisha.

Vile njo nilianza. Tuko batatu: Mbusa nyuma, Kakule mbele, mimi katikati na kisu. Kisu ni kazi ya mutu wa katikati. Nyavu ikishikana na muti chini ya maji, unakata haraka, mbele pirogue haijapinduka. Mangaribi tunatupa nyavu, asubui tunaenda kuivuta. Ku kamba ya juu tunafungaka vipande ya babushi ya kuzeeka, njo zile ndala ya mupira, ju nyavu isizame. Batoto ba huku banaokotaka babushi mu takataka na kutuletea. Ukiona babushi za rangi mingi zinaelea mu mustari ju ya maji, ujue kule chini kuko nyavu ya mutu.

Kuko siku moja kiboko ilitoka pembeni yetu, karibu sana, nikaona nywele ku midomo yake. Mimi nilishika kisu. Mbusa akanipiga ku mukono. Akavua kofia, akaanza kuisemesha pole, kama vile mutu mwenye amekutana na mama-mukwe wake mu njia ya kidogo:

— Pita, mama. Pita tu. Sisi hatuna neno. Tulitaka kukusalimia, basi.

Kiboko ikatuangalia, ikazama. Kakule, mwenye hasemaki kitu, akasema: "Amekubali mahari." Tulicheka mupaka ku bord, ku muchanga.

Na kuko siku ingine tulipata tilapia mingi mupaka maji ilibakia vidole bitatu kuingia mu pirogue. Tulirudia polepole kama vile tunabeba mayai. Bamama benye kununua baliingia mu maji mupaka ku kiuno kutupokea. Ile siku nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Kavira. Nakuandikia hii ju usifikiri nilikuwaka mu mateso. Nilipenda hii kazi. Nilikuwa mutu wa pirogue ya kweli. Ile inaongeza haya yangu.

Sikiliza sasa sheria ya huku. Ni ya zamani kuliko basoda, kuliko bureau ya serikali. Ukiona mutu mwenye amekufa mu maji, unamufunga pembeni ya pirogue, unamuleta ku bord. Hapo ziwa inafungwa. Hakuna mutu anatupa nyavu mupaka yule mutu azikwe, na kisha kuzika, siku mbili tena. Ata kama ni mugeni. Ata kama hakuna mwenye anajua jina yake. Bazee banasema: ile maji ilimukula, na sisi tunakula mu ile maji, hatuwezi kutia mukono mule kama hatujamulilia.

Zamani batu balifunga bila maneno. Mais basoda balipofika, balileta beseni. Ni beseni kubwa nyekundu. Kila asubui inawekwa ku bord, na kila pirogue inatia mule samaki mbele ya kuuza. Isipojaa, commandant anatuma batu benye fimbo. Mbele ya vita mutu akifunga ziwa, alilala njaa tu. Sasa anapigwa. Donc batu balianza kuona maiti na kugeuza macho. Kila mutu alijua. Hakuna mwenye alisema.

Ile asubui kulikuwa ukungu. Tulianza kuvuta, nyavu ikawa muzito. Mbusa alifurahi:

— Leo ni kubwa! Vuta, mutu ya viazi, vuta! Leo ile beseni itanyamaza!

Tukavuta. Ikatoka mugongo ya mutu.

Alikuwa amelala kifua chini. Nyavu ilimuzunguka shingo na mukono ya kuume. Majani ya maji ilimufunika. Kakule alifanya alama ya musalaba. Mbusa aliangalia kule ku bord, ata kama ukungu ilificha bord. Kisha akasema:

— Kasereka. Kata.

— Ni mutu, kapita.

— Nimeona ni mutu. Nilisema ni mbuzi? Angalia mugongo ya Kakule. Bado iko na vidonda ya juma yenye ilipita. Kata.

Niliangalia Kakule. Yeye aliangalia maji.

Nikakata. Nguo yake ilikuwa imeshikana na nyavu, sikuweza kuitosha, nikakata na nguo, hapa ku kiwiko. Kisha nikamusukuma na kasia. Akaenda polepole, hakuzama. Ukungu ikamufunika.

Yaya, sasa neno yenye inaniua. Niliona ni triko. Matope na majani iliichafua, rangi haikuonekana, mais niliona ni triko ya nyuzi nzito. Huku ku ziwa ni joto. Mutu wa huku havaaka triko. Ni batu ba kwetu tu, ba mulima, benye hawaachaka triko ata jua ikiwaka. Nilijua ni mutu wa kwetu. Sikumugeuza. Ningemugeuza, ningemuona uso. Sikumugeuza ju niliogopa kumujua.

Nyavu ilibakia na samaki. Beseni ikajaa. Soda moja akanipiga ku bega, akasema: "Ndeko, ndugu yangu, leo mumefanya kazi." Na mangaribi nilikula, Yaya. Nilikula vizuri.

Ile wakati sikujua kama Muhindo alitoka ku nyumba. Kisha juma mbili Mama Kyakimwa alishuka kununua samaki ya chumvi, unamujua, njo mwenye anabebaka habari zetu. Akaniambia: "Dada yako anauliza kama shemeki yako alipita huku. Alienda kutafuta chumvi ngambo ya Uganda, hajarudia." Nikajibu: "Hapana, sijamuona." Ilikuwa kweli. Nilifikiri alipitia Kasindi, ku barriere, ao amefungiwa njia na vita kama batu bengine. Sikufikiri ile maiti. Nilikuwa nimeisukuma mbali, ata mu kichwa.

Ile nyavu ilikuwa imepasuka vibaya, tukaiweka pembeni ju uzi ya kushona ilikosekana. Njia ya Kasindi ilikuwa imefungwa. Uzi ilipofika, Mbusa akaniambia nishone. Nilikaa ku mulango, nikaanza kufungua mafundo. Mu fundo moja nikaona nyuzi. Nikafikiri ni majani. Nikaisugua na mate. Ilikuwa ya kijani. Nikavuta tena, ikafuata ingine. Ya njano.

Nilikaa pale mupaka jua ikahama.

Hakuna triko mbili za vile mu dunia. Uliishona ukiwa Lubero kwa masista, nyuzi ya kijani ikakuishia mbele ya kumaliza mukono ya kuume, ukamaliza na njano. Batu ba Bulengera balimupa jina Kasuku. Unakumbuka? Akipita na baiskeli yake, batoto banapiga kelele: "Kasuku anapita!" Naye anajibu: "Kasuku anasema bonjour!" Hakukasirika ata siku moja. Aliivaa ku misa, aliivaa mu matope, aliivaa siku ya kubeba bibi yangu.

Ile siku lazima niandike, ata kama unaijua, ju wewe hukuwa ku barriere.

Kavira alikufia Beni, ku hospitali, na hakukuwa gari. Batu balisema tumuzike pale pale. Mimi sikuwa na akili ya kujibu. Muhindo alifika na baiskeli kutoka Butembo bila mutu kumuita. Akafunga Kavira ju ya mbao mbili, ndani ya mukeka, akaanza kusukuma. Siku mbili, Yaya. Mu mipando mimi nilisukuma nyuma, mu mishuko yeye alishika mbele na visigino. Ku barriere moja soda alisema:

— Munabeba nini?

— Bibi ya shemeki yangu.

— Fungua nione.

Muhindo akasema, pole tu, bila kiburi:

— Nikimufungua, wewe utamufunga tena?

Yule soda akainua muti ya barriere. Muhindo akamuambia wasingya, asante ya kwetu, kama vile mutu mwenye alipewa kiti. Tukapita. Kavira amelala kwetu, pembeni ya baba yake, sababu ya ile mutu. Na mimi ile mutu nilimusukuma na kasia.

Nilifanya nini kisha kujua? Nilitia ile nyuzi mu kopo ya tumbaku, nikashona nyavu, nikaenda kazi. Kisha Mama Kyakimwa akashuka mara ya pili, akauliza tena. Nikajibu vilevile: "Hapana, sijamuona." Ile ya mara ya pili ilikuwa uongo. Nilisema mbele yake nikifunga samaki zake mu kikapu. Nilifikiri: nikisema amekufa, ataniuliza nilijuaka namna gani. Nikisema namna gani, itafika kwa Yaya. Donc nikakuacha ungojee. Maharagwe ikatoka, ikavunwa, na ulikuwa unangojea.

Juma yenye ilipita Mama Kyakimwa alishuka tena. Hii mara hakuuliza kitu. Alikuwa anapanga samaki, akaanza kusema peke yake:

— Masikini Masika. Ku soko banamuita bibi ya Kasuku mwenye aliruka. Banasema Muhindo alipata mwanamuke wa Uganda, mweupe na munene. Mama-mukwe wake anasema ni Masika njo alimufukuza na mudomo yake. Banataka atoke mu nyumba, mudogo ya Muhindo aingie. Na mutoto wako, Kasereka? Atatoka naye, hein? Banasema hawawezi kulisha mutoto wa shemeki ya mutu mwenye alikimbia.

Niliweka kikapu chini. Nikamuambia:

— Mama, Muhindo hakukimbia.

— Unajua namna gani?

Nikaleta kopo, nikamuonyesha nyuzi. Nikamuambia yote. Alisikiliza mupaka mwisho. Nilifikiri atanipiga. Aliuliza neno moja tu:

— Kahindo anakula mu sahani ya nani?

— Ya Masika.

— Na wewe ulinyamaza.

Akanishika ku shati, akanipeleka kwa Muzee Katembo. Yeye njo mukubwa wa bavuvi, sheria ya ziwa iko mu mukono yake. Alikuwa anakausha samaki, hakugeuka.

— Unajua sheria?

— Najua, Muzee.

— Ulijua ile siku?

— Nilijua.

— Basi usiniambie mimi. Mimi ni mutu moja. Utasema kesho asubui ku bord, pirogue zikirudia.

Nilisema, Yaya. Batu bote balikuwa pale, bamama na vikapu, bavuvi, na basoda na beseni yao. Nilisema jina yangu na jina ya Muhindo. Nilisema: nilimukata na kisu, nilimusukuma na kasia. Mwanamuke moja alitema mate chini. Mbusa alianza kusema: "Huyu ni mwenda wazimu, mimi sikuona…" Kakule akamukatiza. Kakule, mwenye hasemaki:

— Nyamaza, kapita. Tulikuwa batatu.

Mbusa akatosha kofia, kama ile siku ya kiboko, akasema: "Ni mimi nilisema kata. Mais kisu ilikuwa mu mukono yake." Alisema kweli. Kisu ilikuwa mu mukono yangu.

Muzee Katembo akasema ziwa imefungwa leo. Nyavu zote zibakie inje, pirogue zote ziende kutafuta. Commandant akatoka chini ya hema yake:

— Kufungwa na nani? Ule mutu alikufa zamani! Samaki yangu iko wapi?

Hapo Mama Kyakimwa alibeba kikapu yake yote, samaki za chumvi zenye alikuwa amemaliza kununua, akamwaga mu beseni. Mama mwingine akafuata. Mwingine tena. Beseni ikajaa, samaki zikaanguka chini mu muchanga. Mama Kyakimwa akamuangalia commandant:

— Imejaa, baba. Sasa tuachie tulie mutu wetu.

Commandant aliangalia beseni, aliangalia bamama. Akarudia mu hema. Mimi basoda balinipiga kidogo kisha, ju nililetea batu kelele. Ile haiko kitu, usinisikitikie.

Tulizunguka mu matete siku nzima. Pale maji ya ziwa inatoka kuingia mu Semliki, ku Ishango, kuko kambi ya bavuvi, nyumba ine tano za majani. Mama moja alikuwa anapalua samaki. Muzee Katembo akamuuliza kama baliona mutu, zamani, wakati ya kupanda maharagwe. Akajibu bila kufikiri:

— Mwenye triko? Yuko pale.

Akatuonyesha na kisu yake ya samaki. Kulikuwa mawe zimepangwa vizuri, chini ya muti ya miiba. Hakuna majani ju yake. Balikuwa banafagia.

— Alifika mu matete asubui moja, akasema. Tulimuosha, tukamufunga mu mukeka. Tulikosa katekista, muzee wetu akaomba Baba Yetu. Tukafunga siku mbili. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo tu.

Nikamuuliza:

— Ninyi hamuna basoda?

— Tuko nao. Balitupiga.

Alisema vile tu, kama vile anasema mvula ilinyesha. Kisha akaniangalia.

— Wewe ni ndugu yake?

— Shemeki yake.

— Triko yake ilikuwa imekatwa mukono moja. Nilitaka kuishona, nikakosa nyuzi ya ile rangi. Ni nani alimukata vile?

— Ni mimi.

Aliingia mu nyumba, nikafikiri anaita batu. Akatoka na kikombe ya maji, akanipa.

— Kunywa, akasema. Kisha uende kumuambia bibi yake.

Njo ile ninafanya.

Tulibakia pale tukamulilia, pirogue zote. Mbusa alipasua ubao ya pirogue ya kuzeeka, tukafanya musalaba. Mimi niliandika MUHINDO na musumari ya moto. Niliandika vizuri, herufi zote ziko sawa. Nilitaka kuandika Kasuku chini, nikaona sina haki.

Siombi unisamehe. Naomba usome hii barua yote mbele ya mama-mukwe wako na mbele ya mudogo ya Muhindo. Usiruke pale pa kisu. Ukiruka, batasema ndugu yako alitunga ju ya kukulinda. Ile nyuzi iko mu karatasi ya kidogo ndani ya barua, ya kijani na ya njano. Baonyeshe. Mama-mukwe wako anajua ile triko, aliicheka mara mingi. Ajue mutoto wake hakuacha bibi yake. Alienda kutafuta chumvi.

Njia ikitulia, nitumie habari na Mama Kyakimwa. Nitapanda mupaka Kyondo, nikungojee ku kanisa, tushuke pamoja mupaka ku kaburi. Kama hutaki kutembea na mimi, utatembea na yeye, mimi nitafuata nyuma na muzigo. Kama hutaki ata kuniona, muambie anionyeshe siku, nitaondoka ku bord mupaka urudie.

Kahindo usimufichie. Akiuliza baba yake alifanya nini ku ziwa, muambie.

Salimia mama wetu, umushike mukono wakati unamuambia, ju alimupenda Muhindo kuliko alinipenda mimi. Salimia baba mudogo katekista, aombe misa. Salimia jirani yetu mwenye mashini ya kushona. Salimia mama-mukwe wako, muambie Kasereka amepiga magoti. Na bale batoto benye balikuwa banapiga kelele Kasuku anapita, baambie alifika wapi.

Muzee Katembo amekata neno yangu. Hakunifukuza. Nitabakia mu pirogue ileile, na Mbusa na Kakule, mahali palepale katikati. Mais kisu ameninyanganya. Alisema mutu mwenye alikata maiti asishike tena kisu mu hii ziwa mupaka azeeke. Nyavu ikikamata kitu, nitaingiza mikono mu maji, nitaifungua fundo kwa fundo, na kama ni mutu nitamugeuza nimuangalie uso.

Leo siku mbili za kilio zimeisha. Ziwa imefunguliwa. Kesho asubui narudia kazi.

Mudogo wako,
Kasereka